Pete Kwenye Kioo

Hebu mwone mwenye timu ya hoki anavyoingia uwanja wa barafu, kule New Brunswick, Kanada: koti refu, kahawa mkononi, anaketi nyuma ya kioo, mgongoni kabisa mwa kocha. Msimu huu keshabadilisha makocha, makipa, hata jezi, na timu inafungwa tu. Gaudet, kocha mpya, akishindwa leo anafukuzwa. Ko, ko, ko! Pete ya tajiri inagonga kioo. Kidole kinaamuru beki atoke. Beki anaacha lango wazi, anateleza kwenda benchi, na wapinzani wanafunga kiulaini.

“Bosi, si ungeniachia mwenyewe!” Gaudet anafoka.

“Wenzako nao walisema hivyohivyo. Wako wapi sasa?” Tajiri anapuliza kahawa yake, kisha anauliza kwa huzuni ya kweli, “Hivi bwana, timu yangu imelogwa na nani?”

Ungekuwa Gaudet, na kazi bado unaitaka, ungemjibu nini?