Kitabu Kilichokataa Kutoka Kwenye Simu Yangu

Mpaka leo nikiona kopo la poda natafuta mlango, na mkitaka kunicheka chekeni tu, aibu ile niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo, chuoni Kasongo. Nusu ya kazi ile niliijenga juu ya kitabu kimoja cha malezi ambacho binamu yangu wa Kinshasa alininunulia mtandaoni, kikaingia kwenye simu yangu. Siku tatu kabla, Mwalimu aliyepewa kuisoma aliniomba simu ahakikishe maneno niliyonukuu yamo kweli. Simu yangu? (Mlikuwa na ujumbe wa mchumba, na mwingine si wa kusomwa na mwalimu wa mtu.) Nikamjibu haraka kwamba nitamgeuzia kiwe PDF, kazi ya dakika mbili.

Dakika mbili! Programu ya kwanza ikakataa, ikasema muuzaji amekifunga, kinafunguka kwenye simu yangu peke yake. Hapo ningerudi kusema ukweli, lakini haya ilinishika, basi nikakipeleka kwenye tovuti moja ya bure, ikazunguka weee siku mbili nzima (mtandao wetu mnaujua), mwisho ikanipa faili lenye jina lile lile la kitabu, na kwa furaha sikulifungua hata, nikalitia kwenye flashi nikampelekea Mwalimu asubuhi ya siku yenyewe ya kutetea.

Simu haziingii ukumbini, kwa hiyo yangu nilimwachia shangazi Zaina mlangoni, aliyetoka Kabambare kwa pikipiki, siku mbili za matope, na kopo la poda mkobani la kunimwagia nikifuzu.

Mwalimu akafungua faili, likaonekana ukutani mbele ya watu wote. Jalada zuri kabisa. Kisha vijisanduku na alama za kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho.

"Mama, hii ni kitabu gani? Ao uliitunga mu kichwa yako?"

Chuoni kwetu anayebuni kitabu hapewi nafasi ya pili, anafukuzwa.

"Iko, Mwalimu! Iko mu simu, na simu iko na shangazi hapa inje."

"Umuite."

Nikafungua mlango huku machozi yananitoka. "Shangazi, kuja mbio!"

Naye, kuona machozi, akajua ni ya furaha. "Amepita! Mutoto yetu amepita!" Vigelegele, na poda yote ikanishukia kichwani, ikafunika makaratasi ya meza na koti jeusi la Mwalimu.

"Mama," akasema mkuu wa jopo, anakohoa, "hajapita bado."

Shangazi akabaki na kopo mkononi. Nikachukua simu, vidole vyeupe, kioo hakisikii, nikafuta kwa nguo, kitabu kikafunguka, nikampa Mwalimu, na hapo hapo ujumbe wa mchumba ukaingia juu ya ukurasa. Mwalimu akausoma. Akaniangalia. Akaendelea kutafuta nukuu zangu moja moja, na zote zilikuwamo.

Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha mpaka ukaonekana na wengi zaidi. Sasa anayetaka kitabu changu nampa simu yenyewe.

Saa nane wakatangaza kwamba nimefuzu. Poda ilikuwa imekwisha, shangazi akakung'uta kopo tupu juu ya kichwa changu, akalia.