Vitambaa vya Njano Mlimani

"Shangazi, huko milimani unakimbilia nini?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu, anakwangua matope ya viatu kwa kijiti.

"Waulize viatu," akasema. "Mimi nimevifuata tu."

Nikaviuliza kweli. Akacheka mpaka kijiti kikamdondoka.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na kazi yake ni kukata vitambaa katika karakana ya kushona sare, chini ya duka la rangi. Wenzake wote hukaa kwenye cherehani, yeye husimama. Kitambaa hutandazwa mezani, kimoja juu ya kingine, mpaka unene unakaribia godoro. Anachora kwa chaki juu kabisa, kisha anapitisha kisu cha umeme. Akikata, hata kikohozi anakizuia. Niliwahi kumwona akimaliza mzunguko wa kwapa, ndipo akapiga chafya zote alizokuwa ameziweka akiba.

Jumapili anakimbia. Barabarani hapataki, anapita njia za mbuzi na za wakata kuni, anapanda kilima hiki anashuka kile, kutwa nzima. Sababu zake watu wamemtafutia wenyewe. Bibi anasema anataka kupungua. Baba anasema ni upweke, tangu mumewe alipofariki. Kazini wanamwita Abiria, kwa kuwa kila mwaka kwenye mashindano makubwa ya milimani hurudishwa na gari. Kila kituo cha maji kina saa yake ya kufungwa. Ukichelewa, unapanda gari.

Mwaka mmoja goti lake lilivimba, bibi akamweka kitako.

"Mwanangu, utakuja kutambaa humu ndani."

"Basi mama, nisipomaliza mwaka huu, viatu navigawa."

"Nimesikia mimi," baba akadakia, "na mtoto kasikia." Mtoto ndiye mimi.

Safari hii alijiandaa kama anayetaka kukata kitambaa. Kila Jumapili alipanda vilima vya mashindano akifunga vipande vya kitambaa cha njano kwenye matawi, asipotee wakati wa kurudi. Vilikuwa masalio ya karakana. Asichokijua ni kwamba waandaaji walikwenda kuomba vitambaa vya kuonyesha njia, na mwenye karakana akawapa masalio ya jora lilelile.

Siku ya mashindano mimi na baba tulimsubiri kwenye kituo cha mwisho, na chupa ya maji na ndizi. Wakimbiaji wakapita, wakapungua, wakaisha. Saa ya kufunga ikapita. Msimamizi alikuwa anakunja meza shangazi alipotokea, anachechemea, ngumi zote mbili zimejaa vitambaa vya njano.

"Ulipotea?" baba akauliza.

"Wapi. Nimefuata mafundo yangu mwenyewe."

Penye njia panda alikuta njano kushoto, njano kulia. Upande mmoja akaliona fundo lake, lile analofungia mafungu ya suruali kazini, akaliamini. Likampeleka hadi kwenye kijito alikozoea kugeukia. Hapo ndipo akashtuka. Angerudi mbio angewahi, lakini nyuma yake kulikuwa na watu, nao wangeingia huko huko. Akawa anarudi huku anafungua kimoja kimoja.

"Ungeviacha, dada."

"Avifungue nani?"

Msimamizi akatazama saa yake, akatazama zile ngumi. "Mama, ningekupitisha. Ila kuna wenzako nimeshawarudisha."

"Fanya kazi yako, mwanangu. Gari liko wapi?"

Ndani ya gari baba akamchokoza. "Haya, Abiria. Viatu unampa nani?"

Yeye alikuwa anakunja vitambaa mapajani, pembe kwa pembe. Jumapili iliyofuata akatoka na viatu vyake, na bibi akamnunia wiki nzima. Tangu hapo amemaliza mara moja. Miaka mingine ni gari.

Mwezi uliopita nilimpitia karakana nikitoka shule. Nilimkuta amekaa, jambo ambalo sijawahi kuliona pale. Mezani kulikuwa na mafungu ya suruali za buluu ambazo mapaja yake yalikuwa yamekatwa ndani ya mstari wa chaki, yakawa membamba. Mwenye karakana alikuwa ameshaziona, akapanda juu. Nikarudia swali langu la zamani, huko milimani anakimbilia nini.

Akainua ya juu, akainua ya chini kabisa, akaziweka pamoja nizione.

"Kisu kimeteleza kidogo tu. Zote zimekwenda, na hakuna wa kuzirudisha. Kule nikikosea nageuka, narudi mpaka pale njia ilipogawanyika, naanza upya. Nitachelewa, watanicheka, basi. Sina mahali pengine pa kukosea namna hiyo."