Muhuri Hauvuki Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilipewa kibao cha wino, kitambaa na ndoo ya maji ya vuguvugu, nikaambiwa nisimame karibu na dirisha. Ofisi yetu ya pensheni mjini Gitega ilikuwa na vyumba vitatu tu, na mimi Zaina, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, nilikuwa mwanamke wa kwanza pale kushika kazi ya vyeti vya uhai. Ninyi vijana hamuijui kazi hiyo. Mnadhani simu inajua kila kitu.

Mtu akistaafu, ofisi ilimlipa mpaka afe. Sasa ofisi itajuaje kwamba hajafa? Mara mbili kwa mwaka alikuja mwenyewe, akataja jina lake, jina la baba yake, kilima alichozaliwa na kazi yake ya mwisho. Karani alimtazama usoni, akachukua alama ya kidole gumba cha kushoto, akasaini na kugonga muhuri. Chini ya fomu palikuwa na mstari wa shahidi, mtu yeyote mwenye kitambulisho aliyekuwepo. Asiyeonekana, dosiye yake, yaani jalada lake, ilifungwa, na kuifungua tena ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho.

Mkuu wa Malipo, mtu mfupi aliyefunga tai hata Jumamosi, alinifundisha kwa maneno machache. "Madamu Zaina, hapa hatulipi majina. Tunalipa watu wanaopumua. Usisaini pumzi ambayo hukuisikia."

Alinifundisha pia kwamba kidole hakigandamizwi, kinaviringishwa kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine. Nikawauliza wenzangu maji ni ya nini. Wakacheka, wakaniambia ningoje waashi. Kweli, siku hiyohiyo walikuja wazee watatu kutoka Bukirasazi, wajenzi wa maisha yao yote. Chokaa na saruji vilikuwa vimekula mistari ya vidole vyao. Tuliwalowesha mikono, tukawapangusa, na bado karatasini lilitokea doa jeusi tupu. Waashi tuliwatambua kwa makovu ya vidole.

Nilikaa Gitega miaka mingi, nikizunguka na kibao changu mpaka Gishubi. Vita vilipoanza, karani wa Muyinga alikimbia na mimi nikahamishwa kushika nafasi yake. Nilisafiri kwa msafara uliosindikizwa na wanajeshi, nimekumbatia sanduku la mihuri. Nilikuwa na hofu, sioni haya kusema.

Muyinga nilikuta dosiye nyingi zisizo na wenyewe. Wastaafu walikuwa wamevuka kwenda Tanzania. Siku hizi nasikia watu wanachagua nchi ya kustaafia kwa kuangalia hali ya hewa. Wale walichagua kwa kuangalia moshi unatoka upande gani. Mmoja wao alikuwa Fundi Kabura wa Gasorwe, zamani kapita, msimamizi wa waashi. Nyumba yake ilichomwa, na aliambiwa jina lake limo kwenye orodha ya watu wanaotafutwa. Basi yeye na mkewe walipanga chumba kimoja upande wa Ngara, chenye sakafu ya udongo, na wakakodi kipande cha shamba la maharage. Pensheni yake ndogo ililipa chumba, chumvi, sabuni na dawa za presha za mama. Nyama waliila Noeli na Pasaka. Hiyo pensheni ikikatika, mama anakosa dawa. Hesabu yao ilikuwa fupi hivyo.

Fedha alizichukua Bahati, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kivu Kusini, mwenye hati ya uwakala. Wiki moja kabla ya dosiye kufungwa, Bahati aliniletea fomu iliyojazwa tayari, na kidole kimewekwa.

Nilikiangalia kile kidole. Kilikuwa kizuri mno, kila mstari umetokea. Nikafungua dosiye, nikatazama vyeti vya zamani: doa jeusi, na kovu moja limepita katikati.

"Bahati, mzee amekufa lini?"

"Aka, mama! Muzee iko! Iko muzima kabisa, mi nilimuona juzi tu."

"Hiki ni kidole cha nani?"

Alitazama sakafu. "Ni changu. Muzee anaogopa kuvuka, mama. Mi nikaona, kidole ni kidole tu."

Ni kosa ambalo mtu wa vitenge angelifanya, asiyejua kwamba fundi mwashi hana kidole cha namna hiyo. Utaratibu ulitaka niandike udanganyifu, na dosiye ifungwe siku hiyohiyo. Nilikuwa mtu wa utaratibu, wenzangu walinisema kwa hilo. Lakini nilimfikiria yule mama na dawa zake. Nikaichana fomu vipande vidogo, nikamwambia Bahati kama mzee anapumua, nataka kuisikia hiyo pumzi mwenyewe.

Nilimwomba Mkuu wa Tawi ruhusa ya kwenda Ngara. Alikataa bila kuinua macho.

"Muhuri hauvuki mpaka, Madamu. Ukivuka ni chuma na mpira tu. Karatasi za huko zinapitia ubalozini, miezi sita. Mzee aingie Burundi."

"Shefu, akiingia watamkamata."

"Basi aingie kidogo."

Ndiyo maana, asubuhi ya siku ya mwisho, nilisimama kwenye kizuizi cha mpakani na meza ya kukunja niliyoazima kwa muuza ndizi. Bahati alibeba chupa ya chai yenye maji ya moto. Ng'ambo ya kizuizi alisimama mzee mrefu amevaa koti la mvua, na jua lilikuwa kali. Alitutazama muda mrefu. Kisha akaanza kuja, hatua mojamoja, na mimi nilizihesabu zote. Zilikuwa thelathini na mbili.

Kaporali wa zamu alimpokonya kitambulisho kabla hajafika mezani. Akasoma, akamtazama, akasoma tena. "Wewe ni wa Gasorwe. Subiri hapa." Akaingia kibandani, tukamsikia anaita kwa redio.

"Jina lako?" nilimuuliza mzee.

"Kabura, Madamu."

Baba yake, kilima chake, kazi yake. Alijibu yote huku akitazama kibanda. Nilimimina maji kwenye kitambaa, nikamfunga mkono, nikampangusa. Alitetemeka hata wino ukaruka. Fomu ya kwanza ikaharibika. Ya pili ikaharibika. Nilikuwa na tatu tu. Nikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu, kama mtu anayemshika mtoto asivuke barabara, nikakiviringisha kidole mwenyewe. Doa jeusi, na kovu katikati. Machozi yalinitoka, na haikuwa sehemu ya kazi.

Nilisaini. Nilipogonga muhuri, kaporali alitoka.

"Redio hawajibu. Mzee atabaki hapa mpaka wajibu."

Bahati alinong'ona, "Mama, tumekwisha."

Sijui nilichokisema kilitoka wapi. Nadhani kilitoka kwenye fomu yenyewe, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameangukia mstari wa mwisho. "Sawa, afande," nikasema. "Nimeandika hapa kwamba mtumishi wa serikali amemwona Kabura akiwa hai, mahali hapa, saa nne na nusu. Karatasi inakwenda Gitega leo. Imebaki sehemu ya shahidi. Niandikie jina lako kamili na namba yako, ili baadaye wakiuliza alikuwa mikononi mwa nani, wajue."

Nikamsogezea kalamu.

Aliitazama ile kalamu. Alimtazama mzee, akatazama muhuri wenye wino mbichi.

"Mimi si shahidi wa mtu," akasema. Akatupa kitambulisho juu ya meza. "Mwambie aondoke."

Bahati ndiye aliyesaini mstari ule. Mzee aliokota kitambulisho kwa mkono uliojaa wino, akasema "Urakoze, Madamu", asante kwa Kirundi, akarudi hatua zake thelathini na mbili bila kugeuka. Mimi nilikunja meza, nikamrudishia muuza ndizi. Baada ya hapo alikuja kila miezi sita, miaka minne, mpaka alipofia Ngara kitandani kwake. Mkewe aliendelea kupata sehemu ya mjane.

Nilirudi Gitega, nikamaliza utumishi wangu kama Mkuu wa Vyeti, na tai sikufunga. Leo na mimi ni mstaafu, naishi Ngara karibu na binti yangu. Pensheni yangu ya Gitega huku inatosha nikiwa na akili: chumba kimoja, maharage, mafuta ya taa, na kanga mpya kila Idi.

Mara mbili kwa mwaka naenda mpakani. Safari iliyopita nilikuta karani mpya, msichana mwenye adabu. Alinipungia mkono kutoka upande wake.

"Bibi, usijichoshe na jua! Nakufahamu. Kaa hukohuko, nakusainia."

Hasira ilinipanda. Nilimwambia anyamaze na aandae wino, nikavuka kwa magoti haya yanayouma, nikihesabu hatua. Kwa mwendo wangu zilikuwa arobaini na moja. Nikamwekea kidole changu mezani.

"Nitazame usoni kwanza," nikamwambia. "Halafu usaini."