Oui ya Moustapha

Emilienne alikuwa msumbufu, na pale redioni Kasongo hakuna aliyemficha hilo. Kompyuta ilikuwa moja, waandishi kadhaa, na kila mmoja na programu yake ya kuandikia. "Script moja munaifungua pahali pamoja!" aliwapigia kelele kila asubuhi. "Ukimaliza, uhifadhi, ufunge, ndipo mwingine afungue." Walimcheka, wakamwita Mama Funga.

Siku moja Mama Funga mwenyewe hakutazama kama mwingine amefunga.

Alikuwa akimalizia mchezo wa redio uliobeba maneno ya bibi yake mzaa mama, mzee wa kule Wamaza: yale ambayo mama humwambia binti kwa Kibangubangu anapotoka kwenda kuolewa. Emilienne alimrekodi kwenye simu, na mwezi haukuisha bibi akazikwa. Hakuna mwingine aliyeyajua yote. Hata mama yake Emilienne hakuyajua, maskini, kwa sababu aliolewa ukimbizini, mbali na mama yake. Sasa mama huyo alikuwa nyumbani hapa mjini, amewaita majirani waje kusikiliza saa kumi.

Asubuhi Moustapha, msomaji, aliufungua mchezo ukiwa nusu, katika programu yake ya herufi kubwa, ajizoeze. Dirisha lake akaliacha wazi nyuma ya mengine. Emilienne akaufungua katika programu yake, akaandika hadi neno la mwisho, akahifadhi. Simu ilikuwa imejaa, akaifuta ile sauti ya bibi. Akatoka kunywa maji, moyo mweupe.

Ndipo Pierre wa jenereta akaita: "Mazout inaisha! Enregistrez!"

Kelele hiyo ya dizeli kuisha haina mjadala. Betri ya kompyuta ilikufa zamani, kwa hiyo ukiisikia unahifadhi kila kilicho wazi. Moustapha akakimbilia dirisha lake, akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kwa Kifaransa: faili hili limebadilishwa kwingine, ulifute uweke hili lako? Nani husoma maswali umeme ukiondoka? Akajibu Oui. Kioo kikazima.

"Nimekuokolea kazi, dada!" alimwambia Emilienne mlangoni, uso umejaa furaha.

Mazout ilipopatikana wakawasha. Mchezo uliishia nusu. Emilienne akatafuta kila pembe ya kompyuta, akatafuta na kwenye simu, kisha akakaa chini sakafuni na kulia kwa sauti.

"Moustapha, umemuzika bibi mara ya pili."

"Wallahi sikujua, dada."

Alijaribu kukumbuka. Vilikuja vipande tu, havikushikana, na kumtungia marehemu maneno ya uongo alishindwa. Saa kumi Moustapha akasoma ile nusu, wakaweka muziki.

Simu ya Emilienne ikalia. Alikuwa mama yake.

"Emilienne, mutoto wangu, redio imekatika pale mama anaanza kuniambia. Mumuambie aendelee. Niko nasikiliza."