Uwanja Tulioukandika kwa Mavi ya Ng'ombe

Ligi sijawahi kuielewa vizuri. Timu inafungwa leo, wiki ijayo inacheza tena kama vile hakuna kilichotokea, halafu watu wanakaa wanajumlisha pointi kama wachuuzi wa vitunguu. Mtoano naujua. Umefungwa, umetoka, nenda kalime. Maisha yangu yote yamekwenda hivyo. Niliacha shule darasa la nne baba alipofariki, na hakuna aliyenipangia mechi ya marudiano. Mashine ya kukamua alizeti niliyonayo hapa Misigiri imetokana na jembe, na kubeba magunia ya watu, na miaka niliyopasua mawe kwenye mashimo ya dhahabu kule Sekenke. Sikurithi hata kuku.

Nayasema haya ili ujue kwa nini msimu ule wa kombe la taifa nilikuwa mkali kiasi kile.

Uenyekiti wa timu ya kijiji nilipewa kwa sababu moja tu: uwanja uko kwenye shamba langu. Zamani pale nililima alizeti. Vijana walipokosa pa kuchezea nikawaachia, na mke wangu alininunia msimu mzima. Wachezaji wenyewe ni wakulima, wengine wachimbaji wadogo, kipa ni fundi baiskeli. Kocha ni mwalimu wa shule ya msingi, na pia ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili. Maana yake yeye hawezi kunibishia na mimi siwezi kumtukana. Kwa timu ya mpira hiyo ni hasara kubwa.

Hata hivyo tulikwenda. Tukawatoa Ulemo kwa bao moja la jasho. Tukaenda Sekenke, wachimbaji wakatupiga viatu mpaka mapumziko, tukawatoa kwa penalti. Ikaja timu ya mjini yenye jezi za kung'aa na maji ya chupa, nayo ikaenda na chupa zake. Ndipo droo ikafanyika huko Dar es Salaam, tukaisikiliza redioni kwenye kibanda cha mashine, mashine nimeizima. Tukapangiwa timu ya ligi kuu kutoka pwani, ile ambayo nusu ya vijana wangu wanavaa jezi yake siku ya sikukuu. Na tukapewa kuwa wenyeji.

Watu walishangilia mpaka vumbi la mashudu likajaa hewani. Mimi sikushangilia, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Kesho yake mkwe wangu akapigiwa simu: uwanja utakaguliwa, ukionekana haufai mechi inahamishiwa Singida mjini.

Jambo hilo lilishatupata mwaka uliotangulia. Tulifika raundi nzuri, wakaikagua ile ardhi yetu, wakacheka, mechi ikapelekwa mjini. Wanawake waliokuwa wakiwapikia vijana ugali tangu mechi ya kwanza walibaki kijijini, wakasikiliza matokeo kwenye simu yenye kukatakata. Bibi mmoja aliniuliza, "Sasa hao tuliowalisha, sisi tutawaona lini wakicheza na watu wa maana?" Swali hilo nilitembea nalo mpaka msimu mpya.

Kwa hiyo kikao kilipoitwa nilisimama nikasema, "Mwaka huu mechi itachezwa hapa. Ikihamishwa, msiniite tena mwenyekiti, na shikamoo zenu kaeni nazo."

Mzee kukataa shikamoo si maneno ya mchezo. Mke wangu akaniangalia kama mtu aliyeona mumewe ameweka nyumba rehani. Lakini mimi cheti sina. Watu wa hapa wakiniuzia alizeti, wakinikopesha, wakinipa binti zao kuwa wakwe, wanashika neno langu. Likianguka mbele ya kijiji kizima, nabaki na nini?

Uwanja ulikuwa hivi. Pembeni nyasi ziliota vizuri, maana mvua zilikuwa zimeanza. Lakini kila goli lilikuwa na shimo ambamo mbuzi angeweza kuoga, na katikati palikuwa na upara wenye kokoto. Mkwe wangu akasema kwa adabu zake, macho chini, "Baba, labda tuombe kifusi." Nikamwambia kifusi kitawachuna vijana magoti mpaka mfupa. Hapa kila nyumba inajua kutengeneza uwanja wa kupuria mtama: udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe mabichi, majivu kidogo, unakanda, unatandaza, unapiga kwa vibao mpaka pawe kama sinia. Mtama hauingii mchanga, kwato za mbuzi haziachi alama. Kama panastahimili fimbo za kupuria, patastahimili straika.

Udongo ulikuwepo. Mavi ya kutosha yalikuwa kwa mtu mmoja tu, jirani yangu Msukuma mwenye kundi kubwa, ambaye boma lake liko upande wa pili wa uwanja. Na ng'ombe wake hupita katikati ya uwanja huohuo kwenda lamboni kunywa maji.

Sisi Wanyiramba na Wasukuma ni watani. Yule bwana tangu ahamie hapa hatujawahi kuzungumza sentensi moja iliyonyooka. Siku ya kumzika kaka yangu alishuka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka Wanyiramba walipe, kwa sababu wanataka kuharibu ardhi nzuri kwa kumfukia mtu mvivu. Tukatoa kuku, akatoka, akawa wa kwanza kushika koleo. Utani ndivyo ulivyo, na kukasirika hakuruhusiwi.

Nikaenda kwake.

"Mtani, nataka mavi."

"Ya kula au ya kupaka?"

"Ya uwanja. Tunakandika."

"Yaani ligi kuu wanatoka pwani kuja kucheza juu ya mavi ya ng'ombe wangu? Chukua yote. Ndiyo mali pekee ninayoweza kumpa Mnyiramba bila kuogopa ataiuza."

"Na ng'ombe wako wasipite pale mpaka pakauke. Wakikanyaga nitawachinja, nile na wageni."

"Wachinje! Kwa kisu gani? Hicho chako cha kukatia mlenda?"

Tukacheka mpaka wake zake wakachungulia. Nikaondoka na mkokoteni wa mavi, moyo mweupe, nikijua tumeelewana.

Wanawake ndio walioshika kazi. Mimi mwenyekiti niliambiwa nisogee, nachelewesha. Walifukia mashimo, wakakanda kwa miguu, wakatandaza, wakapanga mstari na kupiga kwa pamoja, vibao vikishuka kama mtu mmoja. Aliyepiga nje ya mdundo alitukanwa hadharani, hata kama ni mke wa mwenyekiti, na alikuwa mke wa mwenyekiti. Tulipomaliza tukazungushia matawi ya miiba. Magoli yote mawili yalikuwa yanang'aa. Nilipita pembeni nikajisemea, waje sasa.

Mkaguzi alikuwa aje Jumatano mchana. Jumanne asubuhi, mkwe wangu alifika nyumbani mbio, akasimama mbali kama inavyompasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mmeamkaje hapa nyumbani?"

"Tumeamka. Sema."

"Mama naye hajambo?"

"Hajambo, sema!"

"Ng'ombe wamepita golini, baba."

Nilikwenda nikaona. Wachungaji walikuwa wamevuta miiba pembeni kama kawaida ya watu wanaofungua njia yao, na kundi zima likapita juu ya udongo ambao haujakauka. Goli la upande wa lambo lilikuwa limechimbika kwato kwa kwato, kila moja kama bakuli. Wanawake wawili walikuwa wamesimama pale, hawasemi kitu. Hilo ndilo lililoniuma, maana wanawake wa hapa huwa wanasema.

Nikaenda bomani kwa mtani. Akaniona kutoka mbali, akaanza, "Karibu, mchinja ng'ombe! Umekuja na kisu?"

Sikucheka. Nikamwita kwa jina la mwanawe mkubwa, Baba Fulani, kama watu wasiotaniana wanavyoitana. Sikuwahi kumwita hivyo tangu nimjue. Nikasema, "Ng'ombe wako wameharibu kazi ya wanawake wa kijiji kizima. Kesho mkaguzi anakuja. Mechi ikihamishwa mimi sina uso tena hapa."

Kicheko kikamtoka usoni. Akaangalia chini, akaniangalia tena.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Sasa ningejuaje? Kila mwezi unaniambia utachinja ng'ombe wangu. Wewe umewahi kuniambia kitu cha kweli?"

Mtu huyu amekaa jirani yangu miaka yote, amemzika kaka yangu, na siku niliyokuwa na shida ya kweli sikuwa na maneno ya kumwambia akaamini. Nilibaki nimesimama pale bomani na hasira yangu, nayo haikuwa na pa kwenda.

Yeye hakungoja nimalize kufikiri. Alipiga kelele kwa Kisukuma, wanawe wakafunga maksai kwenye mkokoteni, mapipa yakapakiwa. "Ukiziba hizo kwato kavukavu zitabanduka," alisema. "Paloweshwe pote, pakandwe upya." Alijua kama nilivyojua mimi. Maji yakatoka lamboni safari kwa safari. Wake zake wakaja, wakwe zake wakaja na ngoma wanayopiga wakilima kwa kikundi, Wanyiramba wakaingia upande huu na Wasukuma upande ule, na kazi ikageuka mashindano. Wanawake wetu wakawaambia wanakanda kama watu wanaoogopa kuchafua miguu. Wao wakajibu kwamba Mnyiramba anakanda vizuri kwa sababu amezoea kulala chini. Mkwe wangu, mwalimu mzima, alivua viatu akaingia kwenye matope. Mimi pia niliingia. Goti langu bovu, sikujali.

Mkaguzi alikuja na gari, shati la mikono mirefu, miwani. Kijana, ana adabu. Alitoa shikamoo kabla ya yote, nikaipokea nikijua huenda ni ya mwisho. Akapima nguzo, akahesabu hatua, akafika golini. Akainama.

"Mzee, hiki kinachonuka ni nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

Mkwe wangu akakohoa.

"Yaani mavi kabisa?"

"Ulitaka niseme marashi?"

Akacheka kidogo, akakanyaga kwa kisigino. Goli la upande wa barabara lilikuwa gumu, kisigino kikagota. Kwenye lile la upande wa lambo, lililokandwa upya, kikadidimia kidogo. Akatingisha kichwa. Nikamwambia, "Leo Jumatano, mechi Jumamosi. Upepo wa hapa unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kama hutaki kuniamini, lala kwangu, kesho uje ukanyage tena. Chakula kipo."

"Tatizo si upepo, mzee. Naona kwato kule pembeni. Hapa ni njia ya ng'ombe. Nani ananihakikishia hawatapita tena?"

Nilitaka kusema mimi. Lakini ng'ombe si wangu, na neno langu juu ya ng'ombe wa mtu mwingine ni upepo mtupu. Mtani wangu alikuwa amesimama nyuma na fimbo yake. Akaja mbele, akavua kofia.

"Ng'ombe ni wangu. Njia nimeifunga. Watazunguka kwa mlimani mpaka mechi iishe."

Kule mlimani ni mbali, na ng'ombe wa maziwa hupungua kwa mwendo ule. Nilingoja aongeze utani mwishoni, kama anavyofanya siku zote. Hakuongeza. Mkaguzi akamtazama, akanitazama, akasema, "Haya. Mtacheza hapa."

Siku ya mechi basi la ligi kuu lilipoacha lami na kuingia kwenye shamba langu, watu walikuwa mpaka juu ya miti na mapaa. Wale wachezaji walishuka na vitu masikioni, mmoja akaangalia goli akaziba pua, wanawake wakampigia vigelegele vya kumzomea. Tulifungwa bao la mapema. Kipindi cha pili tukapata kona, mmoja wa vijana wetu wachimbaji akaruka kuliko mabeki wote wa pwani, akapiga kichwa, nyavu zikacheza. Yule bibi aliyeniuliza swali mwaka uliotangulia alikuwa nyuma ya goli hilohilo, kibao chake cha kupigia udongo mkononi. Alikitupa juu, kikamwangukia mtu, hakuna aliyelalamika. Mwishoni wakatufunga la pili. Tukatoka. Mtoano ndivyo ulivyo na sitaki kulia lia. Udongo haukubanduka hata kipande.

Watu walipokuwa wanatawanyika, walipita mbele yangu mmoja mmoja. Shikamoo mzee. Shikamoo mwenyekiti. Nikaitika zote, mpaka koo likakauka.

Mtani akaja wa mwisho.

"Uwanja wenu mzuri. Timu ndiyo ingefaa kukanyagwa na ng'ombe."

"Ng'ombe wako wamekonda, wataweza kumkanyaga nani?"

"Wamekonda kwa sababu ya mpira wenu! Sasa mechi imeisha. Kesho nifungue njia?"

"Usifungue. Mwakani tunacheza tena."

Alinitazama usoni kwa muda, anatafuta kama nacheka. Nikamwita kwa jina la mwanawe. Akaitika, akarudisha kofia kichwani, na asubuhi niliposimama mlangoni pa kibanda cha mashine niliona vumbi la kundi lake likizunguka kule mlimani.