Kwa Fundi Ngazi Hupimwi Mpaka Uimbe

Ukienda kwa fundi Ngazi kushonewa gauni, nawe ni msichana wa umri ule wa kugombana na kioo, utepe wa kupimia haukugusi mpaka uimbe. Hata kama sauti yako ni ya mlango usiotiwa mafuta. Wageni hudhani ni utani. Wanaomjua huimba, wakapimwa, wakaenda zao.

Jina la Ngazi alipewa darasani akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka ule mwili ulimtoroka. Alifunga shule akiwa sawa na wenzake, akarudi anawatazama utosini.

"Ngazi, huko juu mvua imeanza?" wavulana walimuuliza, na darasa zima likavunjika mbavu.

Naye akajikunja. Akaiingiza shingo mabegani kama kobe aliyepokea habari mbaya, akatembea hivyo miezi mitano.

Alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, mwanamke mfupi wa maneno marefu. Akitoka shule kazi yake ilikuwa kuandika vipimo: mama mdogo anazungusha utepe na kutaja, yeye anajaza daftari. Redio ilikaa rafuni kati ya makopo ya vifungo. Kulikuwa na wimbo uliopigwa kila siku mwaka ule, na Ngazi aliuiba mstari mmojammoja, akauficha daftarini, katikati ya viuno vya watu:

*Nimekuja mzima mzima,*
*sikuacha hata kidole nyumbani;*
*kama nimewazibia njia,*
*jamani, piteni pembeni.*

Kila asubuhi aliusoma kimoyomoyo, kama mtu anayemeza dawa. Ulimfikisha hadi geti la shule. Kuanzia getini, kobe.

Ndipo mwalimu akamteua kubeba bendera siku ya wazazi, mbele ya shule nzima. "Nikimpa mfupi," alisema, "itafagia uwanja."

Mama mdogo alifurahi hadi akakosea tundu la sindano. Akanunua kitambaa cheupe cha kutosha gauni moja tu, bila ziada hata ya leso. Ngazi akaja kupimwa, amejikunja.

"Simama vizuri."

"Nimesimama, mama mdogo."

"Nimpime nani? Wewe, au huyo bibi kizee uliyemvaa?"

"Mwambie mwalimu naumwa. Ampe mwingine."

"Unaumwa nini?"

"Urefu."

Mama mdogo hakucheka, na huyu ni mtu anayecheka hata kwa daktari wa meno. Akikata kwa kipimo cha kobe, kitambaa kimekwenda. Asipokata, keshokutwa bendera ina mtu mwingine. Akavuta daftari, pengine atapata kipimo cha zamani.

"Kifua thelathini na nane," akasoma, "kiuno thelathini na nne, nimekuja mzima mzima..."

Akamtazama mtoto. Kisha akaanza kuimba.

Sasa, mama mdogo alijaliwa mikono, si koo. Alianzia juu mno, mstari wa pili ukamponyoka, wa tatu akautungia sauti ambayo haijawahi kusikika na tunaomba isirudi.

"Si hivyo!" Ngazi aliziba masikio. "Unauua!"

"Basi uokoe."

Akauokoa. Mstari wa kwanza kwa hasira, wa pili kwa kujisahau. Penye "jamani" wimbo unapanda, na sauti ile haitoki kwa mtu aliyejikunja. Mabega yakarudi nyuma, shingo ikatoka.

"Hapohapo! Usinyamaze!" Mama mdogo aliruka juu ya kiti, utepe ukateremka mgongoni. "Kumbe una mgongo, mwanangu! Rudia jamani!"

Akarudia jamani mara tisa, wakicheka wote wawili, mpaka mteja aliyefuata suruali yake akaitikia mlangoni.

Gauni likakatwa kwa kipimo cha wimbo. Ukijikunja ndani yake, linapanda nyuma na kuburuta mbele, na umma wote unajua. Siku ya wazazi Ngazi alishika bendera.

"Ngazi, huko juu vipi?" mvulana mmoja aliuliza.

"Hewa safi. Poleni huko chini."

Akatoka, midomo ikichezacheza, na hakuna aliyesikia maneno isipokuwa yeye. Kutoka viti vya wazazi, juu ya kiti, fundi mmoja mfupi alikuwa akipiga kelele: "Upindo! Tazameni upindo ulivyonyooka!"

Leo bango la duka linasema *Fundi Ngazi*. Alilipaka rangi mwenyewe, juu ya mlango, bila kupanda kitu chochote.