Kivuli cha Jani la Mama

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nyumbani kwetu Kisesa, nilipompelekea mama picha yangu ya kwanza ya jua. Nilikuwa msichana, nimejifunza mjini Mwanza kupaka karatasi dawa isiyopenda mwanga, kulaza jani juu yake, kulifunika kwa kioo na kuianika juani. Ukiisuuza kwa maji, karatasi inakuwa bluu na umbo la jani linabaki jeupe, na meno yake yote ukingoni.

Mama alikuwa mganga wa miti shamba, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Watu walitoka hata Misungwi kumletea watoto wanaoumwa matumbo. Nilijisifu kwamba mimi ndiye nitakayeihifadhi miti yake isipotee. Akaipokea karatasi, akaipapasa, akainusa.

"Jani liko wapi?"

"Hilo hapo, mayu, mama yangu, katikati."

"Hapa pana karatasi tu. Umechukua kivuli, jani umetupa." Akanishika mkono. "Hili lina ndugu yake wa sumu, wamefanana kama mapacha. Macho hayawatenganishi, ni vidole na pua. Njoo alfajiri, kukiwa na umande, nikufundishe."

Mama hakuchuma dawa jua likishatoka. Ndivyo alivyorithishwa na mama yake. Nami alfajiri, giza likiwapo bado, ndipo nilipopaka karatasi zangu, maana chumba changu hakikuwa na pazia la maana. Nikamwomba asubiri mvua, jua likipungua nitapata nafasi. Akacheka kidogo, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Nikadhani ananitania, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hayohayo matumbo.

Mvua hazikumkuta. Tulimzika ardhi ikiwa kavu, majembe yanadunda.

Msiba ulipoisha, bibi mmoja akaja na mjukuu mgongoni, mtoto amelegea hata kulia hawezi. "Wewe si binti wa mganga? Nipe ile dawa." Ukutani nilikuwa nimetundika picha za majani yote niliyoyachuma kichakani, na kati yake mawili yalifanana kabisa, bluu safi ya kupendeza wageni. Moja ni dawa, jingine sumu. Nikayatazama moja baada ya jingine.

"Bibi, sijui. Mkimbize hospitali."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi. Mtoto alipona huko, Mungu ashukuriwe. Lakini bibi hakurudi, wala mwingine hakuja tena. Njia ya kwenda mlangoni kwa mama ikaota nyasi.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimemlea hadi nimeota mvi. Kuchapa picha sikukatazi. Kazi hii imenilisha, na wewe unaiweza. Ila mzee akikuita akufundishe, usimwambie utarudi. Weka brashi chini, mfuate kwenye umande, uguse, uvunje, unuse, uulize mpaka achoke yeye. Karatasi itakungoja. Mzee hangoji, hata akitaka.

Mungu akupe wa kukuita alfajiri, akupe na miguu ya kuamka. Na siku ukiulizwa mlangoni pako, asikuache useme nilivyosema mimi.